Eldoret: jiji lisilo na serikali yake

Tangu Alhamisi ya tarehe 15 Agosti 2024, Rais William Ruto alipoikabidhi Eldoret hati ya jiji, gumzo kuhusu mji huo limegawanyika pande mbili. Wako wanaopiga hesabu ya neema: wawekezaji watamiminika, mgao wa pesa utaongezeka, lami itafika hadi vichochoro vya mtaa wa Langas. Na wako wanaopiga hesabu ya maumivu: kodi ya ploti itapanda, mashamba ya pembezoni yatamezwa, mama mboga watafurushwa kando ya barabara. Pande hizi zinabishana kuhusu kila kitu isipokuwa jambo moja, nalo ndilo lenye kosa. Zote zinaamini kwamba siku ile Eldoret ilipata serikali. Haikupata. Ilipata hadhi, na hadhi hiyo imewekwa mikononi mwa bodi ambayo haina mgao wake wa kikatiba, haiwezi kutoza hata shilingi moja bila idhini ya kaunti, haina mjumbe aliyepigiwa kura na wakazi katika uchaguzi mkuu, na hufanya kila inachofanya kwa niaba ya serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu. Kwa hiyo swali la maana si kama Eldoret ilistahili kuitwa jiji. Swali ni kazi zipi kaunti imeikabidhi bodi hiyo kwa maandishi, na imeitengea fungu gani la kuzifanyia. Bila majibu ya mambo hayo mawili, hati ya jiji ni kilemba cha ukoka.

Kosa hili lina historia. Kabla ya 2013, chini ya sheria ya zamani ya serikali za mitaa, Sura ya 265, Eldoret ilikuwa na baraza la manispaa lililo kamili: madiwani waliochaguliwa, meya aliyetoka miongoni mwao, karani wa mji, hazina na askari. Katiba ya 2010 ikabadilisha mambo. Inatambua ngazi mbili tu za serikali, ya kitaifa na ya kaunti, na miji haimo katika hesabu hiyo. Kifungu cha 184 kinaagiza tu kwamba Bunge litunge sheria ya kusimamia miji na majiji, na sheria hiyo ikapatikana mwaka 2011. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipokwisha, mabaraza yote yalizikwa. Mali, madeni na wafanyakazi wake vikahamia kaunti. Lakini lugha haikuzika kitu. Mpaka leo askari wa kaunti huitwa kanjo, neno lililozaliwa na baraza la zamani, na anayetaka kulalamika kuhusu taka bado anauliza ofisi za baraza ziko wapi. Jina lilibaki, kitu kikaondoka. Ndiyo maana neno “jiji” liliposikika, watu wengi walidhani kile kilichoondoka kimerudi kikiwa kimenenepa.

Kuna jambo la pili linalochanganya, nalo ni mfano wa Nairobi na Mombasa. Hayo ni majiji ambayo mpaka wake ndio mpaka wa kaunti, kwa hiyo gavana wa kaunti ndiye, kwa vitendo, gavana wa jiji, na bunge la kaunti ndilo bunge la jiji. Kisumu, iliyoitwa jiji tangu 2001, Nakuru iliyopewa hati tarehe 1 Desemba 2021, na sasa Eldoret, ni kitu kingine kabisa. Ni majiji yaliyo ndani ya kaunti zenye mashamba, vijiji na miji mingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716 mjini Eldoret na 1,163,186 katika Uasin Gishu nzima, yaani wakazi wa mji ni kama wanne kati ya kila kumi wa kaunti. Kwa masharti ya awali ya sheria ya 2011, idadi hiyo isingetosha, kwa kuwa jiji lilitakiwa kuwa na watu nusu milioni. Marekebisho ya 2019 yaliteremsha kizingiti hadi 250,000. Anayeilinganisha Eldoret na Nairobi analinganisha chumba na nyumba.

Safari ya kupata hati yenyewe ilifuata ngazi zilizoandikwa: bodi ya manispaa, daraja lililo chini ya jiji katika sheria ya 2011, huomba, serikali ya kaunti hupokea na kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti, bunge likikubali hulituma Seneti, Seneti ikiridhia rais hutoa hati. Mji hupimwa kwa idadi ya watu, mpango wake wa maendeleo, uwezo wa kukusanya mapato, miundombinu, namna ya kutupa taka na utayari wa kukabili majanga. Ni mtihani mzuri. Ila unapima kama mji uko tayari kuwa jiji. Haumuulizi gavana kama yuko tayari kuliachilia jiji lifanye kazi. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 12, inasema wazi kwamba usimamizi wa jiji uko mikononi mwa serikali ya kaunti, na kwamba bodi, meneja wa jiji na wafanyakazi wao wanauendesha kwa niaba yake. Wajumbe wa bodi, wengine huteuliwa na kaunti, wengine hupendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, sekta ya jua kali na wakazi wa mitaa. Meneja ni mtumishi wa umma. Hakuna meya. Anayetangaza kwamba atagombea umeya wa Eldoret mwaka 2027 anagombea kiti ambacho fundi hajakichonga.

Ili kuona ugumu wa jambo hili, tazama msongamano wa jioni katika barabara ya Uganda, ile inayopasua katikati ya mji. Barabara yenyewe ni kipande cha njia kuu ya kutoka Mombasa kupitia Nairobi hadi Malaba, kwa hiyo lami yake na mitaro ya kando yake viko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Barabara zinazoingia humo kutoka mitaani, baadhi ziko chini ya KURA, mamlaka nyingine ya kitaifa, na baadhi ni za kaunti, kulingana na daraja zilizopewa. Polisi wa trafiki wanaoelekeza magari wako chini ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na gavana hana uwezo wa kumhamisha hata konstebo mmoja kutoka njia panda hii hadi ile. Leseni za matatu hutolewa na NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, ya kitaifa pia. Stegi wanamopakia abiria na ada ya kuegesha magari ni za kaunti. Sasa kaunti ikiamua kuhamisha stegi ili kupunguza foleni, itapaka rangi, itajenga vibanda, itaweka mabango. Lakini polisi wasipoikazia amri hiyo, baada ya wiki chache matatu zitakuwa zimerudi pale pale kwenye abiria wao. KeNHA nayo ikipanua njia bila kushauriana na kaunti, magari yatafika haraka zaidi kwenye makutano yaleyale membamba. Mikono mitano imeshika usukani mmoja, na mkono wa jiji haumo hata miongoni mwa hiyo mitano, isipokuwa kaunti iukaribishe.

Mitaro ina kisa hichohicho, na pengine kibaya zaidi kwa sababu haionekani hadi mvua inyeshe. Maji ya barabara kuu hukusanywa na mtaro wa KeNHA, huingia kwenye mtaro wa kaunti, na mwisho hutafuta njia ya kwenda mto Sosiani. Mtaro wa juu ukizibuliwa na wa chini ukabaki na mchanga na mifuko, maji husimama mahali pa kiungo, na kiungo hicho ndicho kisicho na mwenyewe. Mhandisi wa barabara kuu atasema kazi yake imeishia pale, na atakuwa mkweli. Mhandisi wa kaunti atasema maji hayo yametoka kwingine, naye atakuwa mkweli. Tatizo la namna hii halitatuliwi kwa kuongeza bajeti ya upande mmoja. Linahitaji mtu mmoja mwenye ramani nzima ya mitaro na mamlaka ya kuita pande zote mezani kabla ya msimu wa mvua ndefu. Ungedhani meneja wa jiji ndiye mtu huyo. Anaweza kuwa, akipewa barua.

Maji ya bomba yanavuka hata mpaka wa kaunti. Anayeyauza ni ELDOWAS, kampuni inayomilikiwa na kaunti lakini yenye bodi yake, leseni yake kutoka kwa mdhibiti wa kitaifa WASREB, na bei ambazo haziwezi kupanda au kushuka bila idhini ya mdhibiti huyo. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka bwawa la Chebara, ambalo liko Elgeyo-Marakwet, na viongozi wa huko wamekuwa wakidai kwa miaka mingi sehemu ya mapato ya maji yanayotoka kwao. Dai hilo likija, atakayekaa mezani ni gavana na gavana mwenzake, pengine na wizara ya kitaifa. Bodi ya jiji, ambayo watu wake ndio wanaokunywa maji hayo, haina kiti. Hospitali kubwa kuliko zote mjini, ile ya rufaa na mafunzo ya Moi, ni ya kitaifa, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limeacha hospitali za rufaa za kitaifa juu na kuteremsha zilizobaki kwa kaunti. Uwanja wa ndege, vyuo vikuu, shule za msingi na sekondari, sajili ya ardhi, polisi, machifu: vyote vya kitaifa. Kwa kaunti kuna zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, taka, zimamoto, leseni za biashara na za pombe, taa za barabarani, mipango ya ujenzi. Hayo ndiyo mafungu ambayo kaunti inaweza kuyamega na kulipa jiji. Mengine si yake kuyatoa.

Na mwakilishi wa jiji bungeni ni nani? Hakuna. Langas iko jimbo la Kapseret, Huruma iko Turbo, Kapsoya iko Ainabkoi, Kimumu iko Moiben, Racecourse iko Kesses. Jiji moja limekatwa na mipaka ya majimbo yasiyopungua matano, kila moja likiwa na kamati yake ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa jimbo, basari zake na mbunge ambaye sehemu ya wapiga kura wake ni wakulima wa mahindi na ngano. Hilo si kosa la mtu. Lakini lina matokeo: mradi unaohitaji kuvuka kutoka Langas hadi Huruma hauna mwanasiasa hata mmoja ambaye kura zake zote ziko ndani yake. Katika bunge la kaunti lenye wadi 30, wadi za mashambani ni nyingi kuliko za mjini, na mwakilishi wa wadi ya mashambani haadhibiwi na mpiga kura wake kwa kukataa kuongeza fungu la jiji. Pengine angeadhibiwa kwa kulikubali.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo hoja dhaifu kuliko zote inapojificha. Inasemwa kwamba Eldoret, kwa kuwa jiji, itapata mgao wake kutoka Hazina ya Kitaifa. Hakuna mgao kama huo. Katiba inagawa mapato ya taifa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, na kaunti zote kwa jumla zisipate chini ya asilimia 15. Kisha pesa za kaunti hugawanywa kwa fomula. Fomula ya tatu, iliyopitishwa 2020, ilikuwa na vigezo vinane: idadi ya watu asilimia 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, huduma za miji 5, na asilimia 20 ya kila kaunti sawa kwa sawa. Zile 5 za miji zilihesabu wakazi wa mijini, hazikusoma bango lililoandikwa jiji, manispaa au soko. Na zilikwenda kwa kaunti, si kwa mji. Eldoret ingeendelea kuitwa manispaa kwa miaka hamsini, hesabu hiyo isingebadilika hata kwa senti.

Upande huo una chembe moja ya kweli na si haki kuificha. Mpango wa kusaidia miji ulioanza 2018 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maarufu kama KUSP, ulitoa ruzuku kwa miji 59 katika kaunti 45, na sharti lake lilikuwa mji uwe na hati ya manispaa, bodi, meneja na mpango wa maendeleo. Kaunti nyingi zilizokuwa zimekaa miaka mitano bila kuunda bodi ziliziunda kwa miezi michache pesa hizo zilipoonekana upeo wa macho. Ni kweli, basi, kwamba muundo huleta ruzuku. Lakini tazama kilicholeta pesa: ni bodi na mpango, vitu ambavyo manispaa pia inavyo. Wala ruzuku ya mkopo si mapato ya kudumu. Mradi unapofungwa, taa zilizowekwa hubaki na bili ya umeme kila mwezi, na bili hiyo hulipwa na kaunti.

Njia ya shilingi moja ya mjini inafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Dereva anaegesha gari katikati ya mji na kulipa ada. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka pesa yote inayokusanywa na kaunti iingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Ikishaingia, haitoki mpaka mambo mawili yatimie: iwe imeidhinishwa katika bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, na Msimamizi wa Bajeti wa kitaifa aidhinishe kutolewa kwake. Ikitoka, hukutana na foleni: mishahara kwanza, kisha makato ya kisheria, kisha madeni ya wanakandarasi, kisha shughuli. Mgao kutoka Hazina ukichelewa, jambo ambalo limekuwa kawaida, pesa za ndani ndizo hutumiwa kuziba pengo. Kwa hiyo ada ya maegesho ya mjini inaweza kwenda kulipa mshahara mahali pengine popote katika kaunti, na lori la taka la mjini likakosa dizeli wiki hiyohiyo. Si wizi. Ndivyo bomba lilivyounganishwa.

Je, haiwezekani kuliunganisha vingine? Inawezekana, na mfano upo. Kifungu hichohicho cha 207 kinaruhusu Bunge kutenga baadhi ya mapato yasipitie mfuko ule. Bunge lilifanya hivyo kwa hospitali za umma kupitia sheria ya 2023 inayoziruhusu kubaki na pesa zinazokusanya na kuzitumia papo hapo kwa dawa na vifaa. Hoja iliyotumika wakati ule, kwamba kituo kinachotoa huduma kisipoona pesa zake huduma hufa, inaingia sawasawa kwenye soko, stegi na jaa la taka. Hata bila sheria mpya, kaunti inaweza kuahidi kwa maandishi, kwenye bajeti, kwamba sehemu fulani ya ada za mjini itarudi kwenye fungu la jiji. Hakuna anayeizuia.

Wanaoogopa kodi ya ardhi nao wameelekeza hofu yao mlango usio wenyewe. Kifungu cha 209 kinampa mtoza kodi ya majengo na ardhi jina moja tu: kaunti. Viwango huwekwa na sheria ya fedha ya kaunti kila mwaka, juu ya daftari la thamani za ardhi, na sheria mpya ya kitaifa ya ukadiriaji iliyotiwa saini Desemba 2024 inazitaka kaunti kuhuisha madaftari hayo. Kodi ya ploti mjini Eldoret ikipanda, itapanda kwa sababu ya daftari jipya na kura ya wawakilishi wa wadi, na ingepanda hivyohivyo kama mji ungebaki manispaa. Palipo na haki ya kuogopa ni kwenye mpaka. Shamba likishawekwa ndani ya mpango wa jiji, matumizi yake yanaweza kubadilishwa, thamani yake ikakadiriwa kama ya ujenzi, na mkulima wa ekari tatu akajikuta na bili ya mtu wa ghorofa. Dawa ya hofu hiyo ni kuhudhuria vikao vya mpango wa matumizi ya ardhi na kudai kiwango tofauti kwa shamba linalolimwa. Kupinga neno “jiji” hakugusi daftari.

Hoja nzito ya upande wa pili ni nyingine, na inastahili heshima. Inasema: tuliwahi kuwa na mabaraza yenye nguvu, na tuliona matokeo yake. Mengi yalizama katika madeni, yakashindwa kulipa wafanyakazi, yakauza viwanja vya umma. Katiba ilichagua ngazi mbili kwa makusudi, ili pesa ndogo zisiliwe na serikali tatu. Tena, mji ndio unaozalisha sehemu kubwa ya mapato ya ndani. Ukiachiwa uyashike, ni nani atakayejenga zahanati ya Moiben au daraja la Kesses? Mkulima anayeleta maziwa na mahindi yake Eldoret ndiye anayeufanya mji uwe mji, naye ana haki ya kula matunda yake. Hoja hii ni sahihi kama jibu kwa anayetaka kurudisha baraza la zamani. Haijibu, hata hivyo, ombi dogo zaidi: kwamba kazi chache za mjini zipewe mtu mmoja anayeweza kuulizwa. Mwananchi wa Moiben hapati chochote kwa sababu taka za Huruma hazina mwenyewe. Anapoteza, kwa kuwa soko anamouza ni lilelile lililozingirwa na taka hizo. Na ngazi ya tatu ya serikali haihitajiki ili waziri wa kaunti amwandikie meneja wa jiji orodha ya kazi.

Orodha hiyo ndiyo kiini. Kukabidhi kazi si hotuba. Kunahitaji, kwanza, uamuzi wa baraza la mawaziri wa kaunti unaotaja kazi kwa majina: ukusanyaji wa taka ndani ya mpaka huu, taa za barabara hizi, usimamizi wa masoko haya, uidhinishaji wa ramani za majengo hadi kiwango hiki. Pili, watumishi wanaofanya kazi hizo wahamishwe rasmi, kwa barua, wawe chini ya meneja. Lori la taka likiwa la idara ya mazingira na dereva wake akiripoti kwa mkurugenzi mwingine, meneja amekabidhiwa lawama tu. Tatu, fungu lake lisimame peke yake katika bajeti, lenye msimamizi wa matumizi anayeweza kutia saini. Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye manispaa za Kenya ni kufanya la kwanza kwa nusu na kusahau mengine mawili: bodi inaapishwa, inapigwa picha, inapewa ofisi na kompyuta, kisha idara za kaunti zinaendelea na kazi zilezile kana kwamba hakuna aliyezaliwa.

Tarehe nazo zinahesabika. Hati ilitolewa katikati ya Agosti, wiki sita na ushee baada ya kufungwa kwa bajeti ya 2024/25, ambayo kisheria lazima ipitishwe kufikia tarehe 30 Juni. Fungu lililokuwemo lilikuwa la manispaa. Mtu aliyetarajia mabadiliko mwaka ule alikuwa anasubiri basi lililokwisha kuondoka. Mzunguko huanza na mpango wa maendeleo wa mwaka, unaowasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Mradi wa jiji usipokuwa mle, kuuingiza baadaye ni vita. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bungeni kufikia 28 Februari, nao ndio unaoweka viwango vya juu kwa kila idara. Makadirio yenyewe huwasilishwa kufikia 30 Aprili. Wakazi wengi hujitokeza kwenye vikao vya Mei kulalamika kuhusu taa na mitaro, wakati viwango vilishafungwa Februari. Sheria ya miji inawapa wakazi wa jiji mabaraza ya wananchi, haki ya kuuliza, kupendekeza na kupewa taarifa. Baraza kama hilo likikutana Agosti na kutoka na mambo matatu yaliyoandikwa, lina nguvu kuliko mikutano kumi ya Mei.

Kwa upande wa serikali ya kitaifa, mvutano haujaisha na hauelekei kwisha. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25, magavana na wabunge walivutana kuhusu Sh10.5 bilioni za ushuru wa matengenezo ya barabara, ushuru ambao Julai 2024 ulipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta. Kila dereva wa Eldoret anaulipa. Pesa hizo zinapobishaniwa Nairobi, shimo lililo mbele ya lango lake halina tarehe ya kuzibwa, awe yuko kwenye jiji au kwenye kijiji. Na ipo njia ya mkato ambayo Kenya ilishaijaribu: mnamo Februari 2020 kazi kadhaa za Kaunti ya Nairobi zilihamishiwa serikali ya kitaifa chini ya Kifungu cha 187, zikaendeshwa na taasisi maalumu hadi 2022. Barabara kadhaa zilitengenezwa, hospitali zikajengwa. Muda ulipokwisha kaunti ikarudishiwa kazi, na mjadala wa nani alibaki na madeni gani ukachukua nafasi ya mjadala wa huduma. Anayeota kwamba Eldoret, kwa kuwa karibu na moyo wa rais aliyeko, inaweza kuruka kaunti yake na kushughulikiwa moja kwa moja na Nairobi, akumbuke kwamba mkataba wa namna ile una mwisho, na rais pia ana muhula.

Kipimo cha hati ya Eldoret, kwa hiyo, kiko kwenye karatasi tatu ambazo mkazi yeyote anaweza kuziomba kwa jina chini ya sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016: uamuzi wa kaunti unaotaja kazi zilizokabidhiwa bodi, orodha ya watumishi waliohamishiwa kwa meneja, na ukurasa wa bajeti wenye fungu la jiji likiwa na msimamizi wake. Afisa aliyeombwa ana siku 21 za kujibu.